Sura ya Tano: Vyombo vya Mgeni

Katika nyumba nyingi za Kaloleni, Maringo, Jericho na Ofafa, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, sebule ni ndogo lakini kabati la vioo halikosi mahali pake. Kochi litasukumwa, meza itaingizwa chini ya dirisha, watoto watatandikiwa sakafuni, ila kabati halisogezwi. Ndani yake mna vikombe sita na visahani vyake, birika lenye mdomo mwembamba, bakuli la sukari lenye kifuniko, kijagi cha maziwa, na sahani fulani ambazo ni ndogo mno kwa ugali. Ukingoni mwa kila kipande mmepita mstari wa dhahabu, na chini yake mmetandikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Kila mtoto aliyelelewa katika nyumba hizo anaijua amri yake: usiguse, hivyo ni vya mgeni.

Vyombo hivyo vina ukoo mrefu. Vikombe vya namna hii, na hasa zile sahani ndogo, vilipata umbo lake Uingereza, katika meza za watu waliokuwa na saa maalumu ya utamu, chai ikiwa imeandaliwa au nyama ikiwa imekwisha kuondolewa. Leo huko vilikotoka, seti kamili za karne ya 18 ziko kwenye makumbusho au zinapigwa mnada. Huku Eastlands, desturi ya kutenga chombo bora kwa ajili ya mgeni na kitu kitamu ingali hai Jumapili alasiri. Naona historia hii ni yetu pia, na ni hasara kubwa kuwaachia wauzaji wa vitu vya kale waisimulie peke yao.

Tuanze na udongo wenyewe. Kauri nyeupe, nyembamba, inayopitisha mwanga, ilianzia China, na watu wa pwani yetu waliijua kabla Mwingereza yeyote hajaweza kuitengeneza. Mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui. Ndani ya nyumba za mawe za Lamu kuna kuta zilizojaa zidaka, vijumba vidogo vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, na katika baadhi yake vilipangwa vyombo vya kauri ili mgeni aone yuko nyumba gani. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba magofu ya Gedi kuanzia mwaka 1948, vipande vya kauri ya China vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyomsaidia kukadiria umri wa mji ule. Mama wa Jericho anayepanga vikombe nyuma ya kioo anafanya jambo ambalo lilifanywa nchini humu mamia ya miaka kabla reli haijafika Nairobi.

Ulaya ilichelewa. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilianza mwaka 1710, na Waingereza wakafuata katikati ya karne hiyo: Chelsea na Bow jijini London, Derby, na Worcester mwaka 1751. Tatizo lao lilikuwa kwamba udongo waliokuwa nao ulipasuka au kupinda ndani ya tanuri. Kule Bow, Thomas Frye alijaribu kuchanganya majivu ya mifupa. Mwishoni mwa karne, Josiah Spode wa Stoke alisawazisha mchanganyiko huo ukawa kauri ya mifupa, ambayo hadi leo ndiyo fahari ya Waingereza. Karibu nusu ya kikombe hicho ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa unga, na kinachobaki ni udongo mweupe na jiwe la Cornwall. Mifupa kama hiyo hapa kwetu hubaki kwenye vigogo vya wachinjaji wa Soko la Burma, ikasubiri supu. Mifupa ndiyo inayokipa kikombe ule weupe wa maziwa na ugumu unaokiwezesha kuwa chembamba bila kuvunjika ovyo.

Sasa, vyombo hivi vilibeba chakula gani?

Zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, katika karne ya 16, sukari ilikuwa bidhaa ya matajiri. Mlo wa karamu ukiisha, wageni walihamia chumba kingine, au hata kibanda cha bustanini, wakaandaliwa matunda yaliyopikwa kwa sukari, biskuti, na mvinyo uliotiwa viungo. Walikula juu ya visahani vyembamba vya mbao. Upande wa chini wa kisahani ulikuwa umechorwa na kuandikwa mashairi. Mgeni akimaliza utamu wake alikigeuza na kuyasoma mbele ya wenzake. Wapishi walifinyanga sukari ikawa majumba, wanyama na hata sahani zenyewe, ambazo mwisho wa karamu zilivunjwa na kuliwa.

Katika karne ya 18 kitindamlo kikawa onyesho lenye kanuni zake. Sahani za nyama ziliondolewa, mara nyingi na kitambaa cha meza pia, kisha zikaletwa seti nyingine kabisa zilizochorwa maua na matunda: vikapu vya kauri vyenye matundu, vibakuli vya miguu, ndoo za kuhifadhi aiskrimu. Chelsea ilipata sifa katika miaka ya 1750 kwa sahani zenye picha za mimea zilizochorwa kwa ustadi wa vitabu vya botania. Mfinyanzi Josiah Wedgwood, aliyefanya kazi kwa udongo wa rangi ya malai badala ya kauri, alimtengenezea Malkia Catherine wa Urusi seti ya zaidi ya vipande 900 mwaka 1773 na 1774, kila kipande kikiwa na mandhari ya Uingereza. Sahani za chakula zilizungushiwa majani ya mwaloni na za kitindamlo majani ya mtambaa, ili mtumishi asichanganye.

Katikati ya meza, kama mwenye nyumba aliweza, liliwekwa nanasi. Lilikuzwa ndani ya nyumba za vioo zilizopashwa moto, kwa gharama kubwa, na wengine walilikodi kwa jioni moja tu, wakalirudisha bila kulikata. Tunda hilo leo linauzwa vipande kwenye mikokoteni ya Jogoo Road, na anayelila ni utingo wa matatu aliyesimama juani.

Zile sanamu za sukari nazo zikapata mrithi. Meissen ilianza kufinyanga wachungaji, wacheza ngoma na wanyama wa kauri wa kupamba meza ya kitindamlo, na viwanda vya Chelsea na Bow vikaiga. Sanamu hizo hazikuliwa wala kuyeyuka, kwa hiyo baada ya karamu zilihitaji pa kukaa, zikapanda kwenye rafu na makabati. Yule mbwa wa kauri, au yule binti mwenye kikapu cha maua anayesimama juu ya kabati la Buruburu kando ya picha ya harusi, ametokana na sanamu ya sukari ya karamu ya kifalme. Nimeitafakari habari hii mara nyingi, nami huifurahia kila mara.

Lakini sukari haikuwa na furaha hiyo huko ilikolimwa. Inakadiriwa kwamba mwaka 1700 Mwingereza mmoja alitumia wastani wa ratli 4 za sukari kwa mwaka, na kufikia 1800 zilikuwa zimefika 18. Nyingi ilitoka visiwa vya Karibi, kwa mikono ya Waafrika waliotekwa. Seti za kitindamlo ziliongezeka kwa sababu sukari ilishuka bei, na bei ilishuka kwa sababu mkata miwa hakulipwa. Mtu hawezi kuusifu mchoro wa sahani ya Chelsea akanyamaza kuhusu hilo.

Pwani yetu haikukaa nje ya biashara hiyo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Waingereza waliitwaa Mauritius mwaka 1810; mwaka 1825 sukari ya kisiwa hicho ikaruhusiwa kuingia Uingereza kwa ushuru sawa na ile ya Karibi, na miwa ikafunika kisiwa. Kwa hiyo kijiko kilichozama katika bakuli la Worcester huenda kilichota jasho la mtu wa Kilwa, la Myao au la Mmakua.

Waingereza wengine waliona aibu. Mwaka 1791, Bunge la London lilipokataa kukomesha biashara ya watumwa, watu wengi waliapa kuacha sukari ya Karibi. Thomas Clarkson, mmoja wa viongozi wa kampeni hiyo, alikadiria kuwa walifika 300,000. Wanawake ndio waliolibeba jambo hilo, kwa kuwa wao ndio waliosimamia meza ya chai. Katika miaka ya 1820 yaliuzwa mabakuli ya sukari yaliyoandikwa ubavuni kwamba sukari iliyomo ilitoka India, haikutengenezwa na watumwa. Bakuli la sukari, chombo cha starehe, likawa tangazo la siasa mbele ya mgeni.

Eastlands ina mtaa unaobeba kumbukumbu hii ya utumwa. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU (Kenya African Union), aliyeuawa Novemba 1952. Ukoo wa Mbotela unatoka Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Ni James Mbotela aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Na Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown na kufariki Februari 2025, ndiye aliyetuuliza redioni tangu mwaka 1966 swali la Je, Huu ni Ungwana? Kwa watu wengi wa Nairobi, habari za tabia njema mbele ya wenzako, za kukaribisha na kukaribishwa, zilisikika kwanza kwa sauti yake. Kwangu mimi hakuna familia iliyofungamana zaidi na habari za sukari, uhuru na adabu.

Vyombo vyenyewe, na desturi zake, vilifikaje Nairobi? Mkondo wa kwanza ulipitia Pumwani. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika, na Waislamu waliohamia huko walileta mapishi ya pwani: mahamri, vitumbua, kaimati, visheti, kashata. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, ameeleza jinsi wanawake wa Pumwani, waliodharauliwa na serikali na wahubiri vilevile, walivyojipatia riziki kwa kuwapa vibarua walioishi mbali na wake zao raha za nyumbani: chakula, maji ya kuoga, chai, mazungumzo, kitanda safi. Baadhi yao wakajenga nyumba na kuwa wenye majengo. Mwanamume aliyeamriwa na kutukanwa kutwa nzima, jioni aliketi akaandaliwa kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyokuwa na thamani, na ndiyo niionayo hata sasa mtu anapofunguliwa kabati.

Mkondo wa pili ulipitia jikoni kwa Wazungu. Wapishi na watumishi waliofanya kazi Muthaiga, Parklands au Kilimani walijifunza kuandaa pudini, kukata sandwichi, na kuosha kikombe chembamba bila kukigonga. Kanisa la Mtakatifu Andrea, Nairobi, lilikuwa na chama cha wanawake kilichotoa kitabu cha mapishi ya walowezi mwaka 1928, na mafunzo ya namna hiyo yalimfikia mpishi Mwafrika kwa amri na kwa vitendo. Walowezi walipofunga mizigo kuelekea uhuru, vyombo vyao viliuzwa, vikagawiwa, vikaachwa. Wakati huohuo chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanza mwaka 1952, kiliendesha vilabu vya kufundisha kuoka keki, kushona na kufuma. Chama hicho kilizaliwa chini ya wakoloni, tena wakati wa hali ya hatari, na nia ya serikali haikuwa safi. Wanawake walichukua walichokitaka: keki, vile vitambaa vya kabatini, na mazoea ya kukutana na kuchangishana, ambayo baadaye yalinunua seti nyingi kupitia vyama vya mzunguko.

Wala watu wa Eastlands hawakuiga. Walivipa vyombo kazi mpya, na hapa ndipo penye ubunifu unaostahili kusifiwa.

Chukua kijagi cha maziwa. Mwingereza anakihitaji kwa kuwa chai yake ni maji na majani, na maziwa huongezwa kikombeni. Sisi huchemsha vyote pamoja ndani ya sufuria, majani, maziwa, mara nyingi na sukari, hadi ipande na kushuka. Chai ikiwa tayari imeungwa, kijagi hakina la kufanya. Basi kikawa pa kuwekea vijiko vya chai, au maua ya plastiki, au pesa za maziwa za kesho asubuhi. Birika nalo lilishindwa na chupa ya chai, ambayo hutunza moto hadi mgeni wa mwisho afike. Likabaki kabatini kama mzee wa heshima asiyetumwa dukani.

Sahani ndogo zilipata bahati nzuri zaidi. Zilitengenezwa kwa ajili ya pichi na zabibu za bustani za mabwana. Eastlands zilipokea mandazi, mkate uliopakwa siagi, kipande cha keki ya Krismasi, na Ramadhani kule Majengo, Pumwani, zikabeba tende na kaimati zilizolowa shira. Na zilibadilishiwa saa. Mwingereza aliweka utamu mwishoni mwa mlo. Kwetu mgeni hupewa utamu akifika, kabla hajaulizwa shida yake, na chakula kizito kitafuata kikijaliwa. Watoto waliosimama mlangoni wanajua kwamba mgeni njoo mwenyeji apone: mandazi yatakayobaki sahanini ni yao.

Hata kisahani cha chini ya kikombe kina habari yake. Wazee wetu wengi walimimina chai humo ipoe, wakainywa kwa kuvuta, na vijana wakawacheka kwamba hawajui ustaarabu. Waliocheka hawakujua kuwa Waingereza wa karne ya 18 na hata ya 19 walifanya hivyohivyo, na visahani vyao vilikuwa na kina cha kutosha kwa kazi hiyo. Vikombe vyao vya kwanza pia havikuwa na mikono, kwa mfano wa vile vya China, na kama vilivyo hadi leo vikombe vya kahawa chungu vinavyogongwa na wauza kahawa wa Mombasa na wa Majengo.

Siku hizi vyombo vya namna hii hufika Gikomba katika mitumba, vikiwa vimefungwa kwenye magazeti ya ng'ambo, na vipya kutoka China hujaa maduka ya Kamukunji. Ukitaka kujua ulicho nacho, kigeuze. Alama ya almasi yenye herufi na tarakimu pembeni iliwekwa Uingereza kati ya 1842 na 1883 kwa michoro iliyosajiliwa. Kuanzia 1884 ikawa namba iliyotanguliwa na herufi Rd. Neno England peke yake kwa kawaida linaonyesha chombo cha 1891 au baadaye, kwa sababu mwaka huo sheria ya Marekani ilianza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Made in England kwa kawaida ni la karne ya 20, na Bone China vilevile. Kisha kiinue kikombe mbele ya taa, upitishe vidole nyuma yake. Kauri itakuonyesha kivuli cha vidole. Udongo wa kawaida hautaonyesha kitu, hata uwe mweupe namna gani.

Tahadhari mbili. Rangi na vipako vya zamani vinaweza kuwa na madini ya risasi, na vitu vichachu huyavuta madini hayo. Sahani ya kale, hasa iliyochanika kipako, isiwekewe ndimu, ukwaju wala achari. Na chombo chenye mstari wa dhahabu kisiingizwe kwenye maikrowevu, kitatoa cheche. Kwa chai ya siku moja moja, kikombe kizima cha kauri kisicho na ufa hakina neno.

Kuvunjika si hatari kubwa kuliko kuhama. Nyumba za zamani za kaunti huku Eastlands zimo katika mipango ya kubomolewa na kupisha maghorofa, na mitaa mingine kazi imekwisha kuanza. Familia zinazohama hubeba godoro, sufuria na televisheni. Seti ya mgeni huishia kugawanywa, kikombe kwa huyu, birika kwa yule, na hakuna anayekumbuka tena ilinunuliwa wapi, kwa mshahara wa nani. Kama kwenu kuna kabati hilo, lifungue Jumapili hii. Mwombe shosho aketi, mpe chai katika kikombe chake mwenyewe, mwulize kilikotoka, na uandike anachokwambia pamoja na jina lake, mtaa na mwaka. Karatasi hiyo iweke ndani ya birika, ihame pamoja na seti.